Mafuriko ya Nchi Kavu

Ipo nchi moja ambayo wenyewe wameomba isitajwe jina, na sisi ni watu wa adabu, hatutaitaja. Itoshe kusema ina bendera, ina wimbo, ina wizara arobaini na moja, na katikati yake kuna uwanda wa juu uitwao Chikavu. Mashariki ya Chikavu imesimama safu ya milima. Mawingu yakitoka baharini hupanda milima ile, yakamwaga mzigo wote upande wa pili kwa watu wa migomba, kisha yakafika Chikavu matupu, yamechoka, yanapita tu. Mvua huja mara moja kwa mwaka, na hata ikija huwa na haraka kama mgeni aliyeacha teksi inamngoja nje. Ikiisha imeisha. Kuanzia hapo ni jua na vumbi kwa miezi minane.

Watu wa huko hawakuwahi kulalamika. Walilima zabibu. Mzabibu, ndugu zangu, una tabia ya ajabu: unapenda kuteswa kidogo. Jua la mchana linautia sukari, ubaridi wa usiku unabakiza ule uchachu unaofanya divai iitwe divai, upepo mkavu unafukuza ukungu usiozeshe vichala, na udongo mwekundu wa kichanga hauiachi mizizi ibweteke, unailazimisha ishuke chini ikajitafutie. Kwa vile hakuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu, wakulima huilaza wenyewe kwa mkasi. Huipogoa mara mbili kwa mwaka, nayo huzaa mara mbili. Zabibu za masika ni maji matupu. Za kiangazi ndizo zenyewe.

Ila za kiangazi zinanyweshwa kwa kisima. Kisima kilikuwa kimoja tu, kirefu, cha serikali, chenye pampu moja na kanuni zilizobandikwa ukutani. Kanuni ya kwanza ilisema pampu iendeshwe iwapo kituo cha hali ya hewa kimeandika siku kumi bila mvua, na ifungwe mara kituo kikiandika kuwa imenyesha. Mtunza pampu, Mzee Nhembo, alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutazama angani; alitazama karatasi.

Karatasi hiyo iliandikwa na Bi. Sechelela Mlugu. Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku saa tatu kamili asubuhi, mama huyu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi alitoka ofisini, akachungulia kopo la kupimia mvua, akaandika alichokiona. Kiangazi chote aliandika sifuri. Mizabibu ya kaka yake, Amosi, ilianzia palepale nyuma ya uzio wa kituo, mashina mia nne, na kila akiandika sifuri ya kumi alisikia pampu ikiunguruma na maji yakikimbia kwenye mifereji ya kaka yake. Amosi ndiye aliyeacha shule darasa la sita ili yeye dada mtu asome. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo hata siku moja, na kwa sababu hiyo Sechelela hakuwahi kulisahau.

*

Balaa lilianza kwa lebo.

Mlezi wa Taifa, maana ndivyo rais wa nchi ile anavyoitwa, alisafiri ng'ambo, akakaribishwa divai, akasomewa maneno yaliyoandikwa kwenye chupa. Maneno yalisema divai ile inalelewa na ukungu wa asubuhi na mvua za rasharasha. Mlezi aliposikia neno "kulelewa" akaguswa mno. Aliporudi nyumbani akaagiza divai ya Chikavu nayo iandikwe hivyohivyo, na kabla hajavua koti la safari zilikuwa zimechapwa lebo laki nne, zenye picha yake akiwa ameshika mwavuli.

Hapo ndipo mtu mmoja katika baraza la mawaziri, sijui alitumwa na nani, akauliza kama kuna aliyewahi kuona ukungu Chikavu. Wakakaa siku tatu. Siku ya nne mshauri mmoja akasimama, akasafisha koo, akasema, "Waheshimiwa, lebo zimeshachapwa. Hali ya hewa bado." Wakapiga meza kwa furaha, wakaunda wizara ya arobaini na mbili.

Wizara mpya haiwezi kukaa bila sheria. Kazi ya kuiandika alipewa mwanasheria kijana aliyetoka masomoni, ambaye kwa nia njema kabisa alikuwa akifikiria moshi wa kiwanda cha saruji. Akaandika: Ni marufuku kwa mtu yeyote kuchafua hali ya hewa, adhabu miaka kumi. Maskini ya Mungu! Polisi walipoisoma waliielewa kama wewe na mimi tunavyosema kwamba kikao kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka fulani akaja akachafua hali ya hewa. Mwanasheria akaenda redioni kufafanua kwamba maana yake ni moshi. Kwa ufafanuzi ule akawa mshtakiwa wa kwanza. Kiwanda cha saruji kinafuka moshi hadi leo, na wala hakijawahi kusema neno baya juu ya mtu.

*

Kamishna wa Unyevunyevu aliletwa Chikavu mwezi wa sita, kiangazi kimekolea. Aliitwa Dokta Bartazari Lwambuka. Mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyeshuka kwenye gari amevaa koti la mvua na mabuti ya mpira hadi magotini. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya mabuti, kila akipiga hatua yakasikika. Wananchi walikusanywa uwanja wa mpira.

"Ndugu wananchi wa Rasharasha," akaanza. Watu wakaangaliana. "Ndiyo, kuanzia leo saa nne wilaya yenu inaitwa Rasharasha. Jina la zamani lilikuwa la kikoloni, lenye kejeli, na lilikuwa linawakausha. Serikali yenu imewaletea ukungu. Imewaletea mvua ndogondogo zisizo na fujo. Mtu asiyeziona asilaumu serikali, akapime macho. Huduma hiyo nayo tunaileta!"

Makofi yakapigwa. Kisha ukasomwa utaratibu mpya. Kila mtu mzima atembee na mwavuli. Nguo zisianikwe nje baada ya saa nne. Na salamu ibadilike: mtu akikutana na mwenzake aulize, "Umeloa?" naye ajibu, "Nimeloa, nashukuru."

Watu walicheka siku mbili hivi. Vijana walikuwa wanapigiana kelele barabarani, "Umeloaaa?" na kuanguka kwa vicheko. Siku ya tatu fundi baiskeli Gidioni, pale sokoni, alijifuta uso kwa mkono akasema maneno mawili tu: "Jua hili!" Wanaume wawili waliokuwa wamesimama chini ya miavuli wakaifunga, wakamshika kwapa huku na huku, wakaondoka naye. Hawakumpiga, hawakumtukana. Baiskeli ya mteja ilibaki imepinduliwa magurudumu juu pale pale wiki mbili, mwenyewe akiogopa kwenda kuichukua. Tangu siku hiyo salamu zikaitikiwa vizuri sana.

*

Sechelela aliendelea kuandika sifuri. Tusimtie ushujaa asiokuwa nao. Alikuwa hajui kuandika kitu kingine. Mpaka asubuhi moja Kamishna alipobisha hodi kituoni, akavua kofia, akaketi, akalifungua daftari kwenye mapaja yake kwa heshima.

"Bi. Sechelela, mwandiko wako mzuri sana. Walimu wa zamani walikuwa walimu." Akapekua. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mama, huoni hii inavunja moyo?"

"Mheshimiwa, kopo lilikuwa kavu."

"Kopo. Nchi nzima ina ukubwa gani, na kopo lina ukubwa gani?" Akatabasamu. "Leo huko ziwani kumenyesha. Milimani kumenyesha. Mvua ya taifa ni ya taifa, mama. Ukigawanya kwa wananchi wote, hata wewe una fungu lako. Sasa wewe fungu lako unalikataa, unaandika sifuri. Mtu mwenye roho mbaya angesema unachafua hali ya hewa. Mimi sisemi."

"Unataka niandike uongo?"

"Astaghfiru! Mimi? Nataka uandike wastani."

Akampa kalamu, ya kwake mwenyewe, yenye picha ya wingu. Kisha, huku akitazama dirishani, akauliza kwa upole kama fundi Gidioni alikuwa ndugu yake. Sechelela akasema hapana, jirani tu. Kamishna akasema ni vizuri, maana ndugu zake Gidioni nao walikuwa wameitwa jana kusaidia maelezo, na nyumba imebaki na kuku peke yao.

Sechelela akaligeuza daftari upande wake, akaandika: milimita nane nukta tano. Kamishna akapuliza wino ukauke, akamshukuru, akaondoka, mabuti yakisikika mpaka getini.

Mchana huo Mzee Nhembo alipokea karatasi, akaisoma, akainuka, akafunga pampu.

*

Amosi alikuja siku ya nne. Aliingia bila kubisha hodi, mwavuli kwapani kama kila mtu, akaketi kwenye benchi la wageni, akatoa mfukoni kichala cha zabibu changa, punje zikiwa na ukubwa wa mbaazi. Nusu zilikuwa zimesinyaa.

"Umeloa, dada?"

"Acha utani, kaka."

"Sifanyi utani. Humu ndani mna masikio." Akakiweka kichala juu ya daftari. "Zimefika pale zinapokunywa maji kuliko wakati wowote. Nikizikosesha maji siku sita nyingine, nimekwisha. Na mzabibu wenyewe haurudi, utakufa mpaka shina. Mia nne, Seche. Umeandika nini humu?"

"Nimeandika ili nisiende alikokwenda Gidioni."

Sechelela alitarajia afoke. Amosi alikuwa mtu wa kufoka. Mbuzi wa jirani walimjua. Lakini alikaa tu akichezea mpini wa mwavuli, kisha akasema, "Sawa. Mimi pia ningeandika. Ila mizabibu haijui kusoma, dada, ndiyo shida yake." Akaondoka, akaacha kichala pale.

Sechelela alilia. Alilia kwa hasira, kamasi na machozi, na alipomaliza akaona aibu, akaenda kunawa uso, na akiwa anaelekea bombani akapita mbele ya nyumba ya pampu. Kanuni zilikuwepo ukutani miaka yote hiyo, yeye akijua ya kwanza tu. Akavaa miwani. Kanuni ya tisa ilisema hivi: Yakitokea mafuriko, pampu iendeshwe mchana kutwa bila kusimama ili kupunguza maji ardhini.

Aliisoma mara tatu. Kicheko kilimpanda akakizuia kwa kiganja. Jamani! Wanataka mvua? Basi wapewe mvua! Nani atasimama hadharani kusema haikunyesha?

Kesho yake, saa tatu kamili, akachungulia kopo lililokuwa na nzi mmoja mkavu, akarudi ndani, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: milimita mia nne na kumi.

*

Mzee Nhembo aliisoma karatasi mara mbili, akavua kofia, akasema, "Mungu wangu, watu watakuwa wamepona kweli?" Akakimbia kufungua pampu.

Maji yakaja. Yalijaa kwenye mifereji, yakaingia kwenye mashina, udongo mwekundu ukayanywa kwa sauti. Amosi alisimama katikati ya shamba miguu peku, suruali kaikunja, anacheka peke yake. Kwa siku tatu mizabibu ilikunywa hadi ikasaza, punje zikajaa, majani yakasimama. Perisi, mkewe, alimpelekea wifi yake chungu cha mlenda na ujumbe kwamba kaka yako anasema umeloa na ubarikiwe. Sechelela alijisikia fahari kwa mara ya kwanza tangu lebo zilipochapwa, na tena fahari kubwa, ya kutaka kusimulia watu.

Kamishna alipoona tarakimu ile alijifungia ofisini nayo mchana mzima. Kuikanusha ni kusema hapakunyesha, na kusema hapakunyesha ni miaka kumi. Basi akafanya ambacho mtumishi yeyote mwangalifu angefanya: akaipeleka juu.

Huko juu walishangilia! Lebo ziliahidi rasharasha, na Chikavu imetoa gharika. Mlezi wa Taifa alitangaza maafa redioni kwa sauti nzito, akasema atakuja mwenyewe kuwafariji wahanga, na kwamba Kikosi cha Uokoaji kiko njiani. Wahanga waliposikia wako kwenye maafa walitazamana, wakaenda kusaka miavuli yao.

*

Kikosi kilifika kwa malori kumi na mawili, kila lori limebeba mashua. Vumbi waliloliinua lilionekana tangu asubuhi. Kapteni wao alikuwa na ramani ambamo shamba la Amosi lilikuwa limepakwa rangi ya bluu.

"Mzee, panda mashua," akasema.

"Mashua iko juu ya lori, bwana mkubwa."

"Ndiyo. Maji yakizidi itaelea."

"Maji gani?" akauliza Amosi.

Sechelela alikuwa upande wa pili wa uzio na aliyasikia maneno hayo mawili yakitoka. Alitaka kupiga kelele, Kaka, nyamaza, sema umeloa, panda tu! Akaishia kuushika uzio. Kapteni naye alisimama kidogo kama mtu aliyetukaniwa mama, akawaangalia vijana wake.

"Tunakuokoa, mzee. Mtu akikataa kuokolewa anaonyesha kwamba serikali haikumwokoa."

"Zabibu zangu zina wiki tatu zikomae. Niokoeni baada ya mavuno."

Wakamwokoa kwa vitako vya bunduki. Walimvalisha jaketi la kuelea, wakamfunga mikono asije akajirusha majini, wakamlaza ndani ya mashua pamoja na wengine kumi waliokutwa mashambani, wakafunika kwa turubai wasilowe. Perisi alikuwa mnadani siku hiyo; aliporudi alikuta nyumba imepigwa chapa mlangoni: IMEZAMA.

Mashua zilipangwa uwanja wa mpira, juu ya malori, zikimsubiri Mlezi wa Taifa aje afunue turubai mbele ya wapiga picha. Alitarajiwa siku hiyo mchana. Mchana akaahirisha. Kesho yake akaahirisha tena, kwa sababu wapiga picha walishauri kuna mwanga mwingi mno, haufanani na mafuriko, na wakaomba wasubiri wingu.

Sechelela alikwenda uwanjani na ndoo ya maji. Jua lilikuwa limesimama utosini, mabati ya nyumba yanalia. Chini ya lile turubai alisikia mtu anakohoa, na kikohozi alikijua.

Askari akamzuia. "Unakwenda wapi, mama?"

"Kaka yangu yumo humo. Namletea maji."

"Maji?" Askari alishangaa kikweli, alikuwa kijana wa watu, hana ubaya. "Mtu katolewa kwenye mafuriko, wewe unamletea maji? Si utamshtua?"

"Mwanangu, nakuomba. Hata kitambaa nikiloweshe tu, mkampe anyonye."

"Daktari wa Kikosi amesema wahanga wakaushwe kwanza. Rudi nyumbani, mama. Na fungua mwavuli wako, usije ukanitia matatani."

Akaiweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja kwa Kamishna, hakubisha hodi. Alimkuta anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo.

"Nilidanganya," akasema. "Haikunyesha. Haijanyesha hata tone. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, pampu ifunguliwe. Nifunge mimi, wao wape maji."

Dokta Lwambuka alikwenda akafunga dirisha, kisha la pili. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka, akaonekana mzee.

"Bi. Sechelela, mimi sikusikia."

"Nimesema nilidanganya!"

"Na mimi nimesema sikusikia. Unadhani sijui? Mama, mimi nina udaktari wa mambo ya mvua." Akanong'ona. "Nikisikia, lazima niandike. Nikiandika, lazima ieleweke nilipeleka juu mafuriko ambayo hayapo. Watatupakia sote. Na kaka yako hawatamshusha, watamwacha awe ushahidi. Nenda. Mlezi anakuja kesho, atawafunua, wataenda makwao. Nenda, nakuomba."

Sechelela akarudi uwanjani. Alikaa kwenye majukwaa ya mbao mpaka jua lilipozama, alfajiri akarudi tena, na kila kikohozi kilichotoka chini ya turubai alikihesabu. Kuanzia saa tano hakusikia kitu tena.

*

Siku ya tatu Mlezi wa Taifa alifika, amevaa mabuti meupe. Gari la zimamoto lilikuwa limemwagia uwanja maji ya kisima ili pafanane fanane. Akapanda ngazi, akashika pindo la turubai, kamera zikainuka, akafunua. Akaangalia ndani. Kisha akafunika tena, polepole, akageukia kamera akasema, "Maji ni kitu kibaya sana."

Kati ya watu kumi na mmoja, tisa walikuwa hai. Amosi Mlugu alikuwa mmoja wa wale wawili.

Daktari wa hospitali ya wilaya, mwanamke mchanga ambaye jina lake tutalihifadhi kwa faida yake, alimpima na kuandika kwenye cheti ukweli kama ulivyo: Amekufa kwa kukosa maji. Cheti kikapelekwa kwa Kamishna kuhakikiwa. Dokta Lwambuka alikikodolea macho kwa muda mrefu. Hakuandika kitu cha uongo, hata herufi moja hakuongeza. Alitoa kalamu yake yenye picha ya wingu, akafuta maneno mawili tu, "kwa kukosa," akagonga mhuri. Cheti kikasomeka: Amekufa maji. Familia ikapewa nakala.

*

Matanga yalikaa nyumbani kwa Amosi, kwa kibali maalumu, kwa kuwa nyumba ile kiserikali ilikuwa chini ya maji. Waliokuja kuhani walikuja na miavuli na mabuti, wakaketi kwenye mikeka ndani ya ua, miavuli imefunguliwa juu ya vichwa vyao, jua linawaka. Wakisalimiana walisema wameloa, wanashukuru. Nyuma ya nyumba mizabibu ilikuwa imezidiwa na mzigo. Punje zilianza kugeuka rangi, na wazee waliokuwa wakipita kwenda msalani walisimama kuziangalia wakitikisa kichwa, maana tangu wazaliwe hawakuwahi kuona mavuno ya kiangazi kama yale.

Kamishna alifika mchana na walinzi wawili. Alipita shambani kwanza, akachuma kichala, akala punje tatu nne, akakiri kwamba zabibu za ziwani ni tamu. Kisha akasimama mbele ya waombolezaji.

"Ndugu wafiwa. Marehemu Amosi ni shujaa wetu wa kwanza wa maji. Serikali haitamsahau. Kwa amri ya Mlezi wa Taifa, eneo lote hili kuanzia kisimani mpaka barabarani linatangazwa kuwa ziwa, na litaitwa Ziwa Amosi. Kwa kuwa ni ziwa, halitalimwa wala kukaliwa. Wizara itavuna yaliyomo. Familia itapewa siku saba kuogelea, samahani, kuhama."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeinua uso. Miavuli ilitulia tuli, na upepo mkavu wa mashariki ukapita katikati yake.

Perisi alikuwa ameketi mlangoni, kanga kichwani, cheti mapajani. Hakuwa amelia tangu juzi. Siku ile ya mashua hakuwepo, na tangu hapo kila mtu alimweleza jambo lake, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Akamgeukia Sechelela aliyekuwa ubavuni pake.

"Wifi," akasema. Sauti haikuwa kubwa lakini ua mzima uliisikia. "Wewe ndiye mpimaji. Mume wangu alikuwa anajua kuogelea, alijifunzia jeshini. Niambie, maji yalikuwa mengi kiasi gani?"

Kamishna akamtazama Sechelela. Akamtikisia kichwa kidogo, kwa upole uleule wa siku zote, kama mtu anayemkumbusha mtoto jibu analolijua. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa, limegongwa mhuri, limesomwa redioni. Milimita mia nne na kumi. Lingemaliza mambo, Perisi angelia, watu wangeitikia, chakula kingepakuliwa.

Sechelela alikuwa anaogopa kuliko siku zote za maisha yake. Alimtazama wifi yake usoni.

"Hapakuwa na maji, wifi," akasema. "Kaka alikufa kwa kiu. Mafuriko niliandika mimi."

Mwavuli mmoja, kule nyuma, ukafungwa. Ukasikika. Hakuna aliyegeuka kuangalia ni wa nani.

Dokta Lwambuka alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshatoa kalamu na kijitabu.

"Bi. Sechelela," akasema, karibu kwa kusihi, "sikusikia vizuri."

Naye akarudia neno moja moja, polepole, kama mwalimu anayewasomea watoto imla, akimngoja amalize kuandika.